Matambaa Kumi na Manne

Sarah Mokami alishuka kwenye Noah saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na mguu wake wa kwanza ukatua kwenye mavi ya tembo. Yalikuwa bado ya moto.

"Usicheke," alimwambia Shamsudin.

"Sijacheka, mama mwenyekiti. Nimekohoa."

Wawili hao ndio waliobaki wa kamati ya wazazi. Kamati ilianza na watu tisa, lakini vikao vitatu vya kubishania kambi ya likizo ya Juni viliwamaliza. Mmoja alitaka karibu na lami, mwingine mbali na mto, wa tatu aliuliza mara nne kama watoto watapewa chapati. Mwaka uliopita wanafunzi arobaini na wawili wa klabu ya wanyamapori ya shule yao, mjini Tarime, walilala siku nne kwenye kambi ya Zablon. Walirudi wameona nyani na punda wa mzee mmoja. Wazazi wakapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akazima simu.

Basi mwaka huu Sarah, ambaye ni afisa ugavi mwenye stashahada na asiyependa maneno mengi, aliandika barua ya masharti sita, akaituma kwa kambi mbili zilizobaki kwenye orodha: ya Zablon, na hii ya Frida, nje kidogo ya Nyambureti. Leo saa kumi jioni mwalimu mkuu alitaka jina moja.

Frida aliwahi kuwa mama lishe kule Genkuru. Miaka mitano alipika maharage mpaka akapata mahema manane. Juzi alimwambia Sarah kwenye simu, bila kulia, "Dada, watoto wenu wasipokuja Juni hii, naanua mahema narudi kwenye sufuria zangu. Sina msimu mwingine wa kusubiri."

Sasa alikuwa amesimama katikati ya kambi yake, kanga imefungwa kiunoni, akiangalia mabaki. Simtank la maji lilikuwa limepasuliwa kama boga. Jiko lilikuwa bati moja na nguzo mbili. Kati ya mahema manane, mawili yalikuwa yamekanyagwa mpaka vyuma vyake vikapinda.

"Karibuni," alisema Frida. "Ndiyo kambi yenyewe hiyo."

"Kuna aliyeumia?" aliuliza Sarah.

"Hakuna. Mungu tu."

Mlinzi, mzee mwembamba aitwaye Vedasto, alisogea akampa Sarah mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu kama gome.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Walikuja saa kumi na moja alfajiri. Saba. Niligonga debe mpaka likatoboka. Hawakujali hata kidogo. Wamekunywa maji, wakaondoka polepole kama watu waliotoka harusini."

"Na uzio?"

Vedasto alishusha macho. "Uzio upo. Ndicho kinachonishangaza."

Pikipiki iliingia kwa kelele, akashuka Filemoni, mdogo wake Frida, kijana wa miaka ishirini na sita anayeongoza wageni wa kambi zote za pale. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi. Alimsalimia Sarah kwa heshima, akainama kidogo, akamnyooshea kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama mtu aliyetoka kukanda unga.

Sarah akakishika kifundo. "Ulikuwa unafanya kazi?"

"Mnyororo wa pikipiki, mama. Oili." Kweli kucha zake zilikuwa nyeusi. "Poleni sana. Lakini mmeona nyayo? Kubwa hivi! Tembo hapa wapo, jamani. Hilo mliandike."

"Tutaandika," alisema Sarah. "Kwanza nionyesheni huo uzio."

Ulikuwa uzio wa pilipili, kama wanavyotumia wakulima wengi wa kule: kamba ya katani juu ya nguzo, kuzunguka kambi yote, na kila baada ya hatua mbili tambaa lililochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa ya kusaga. Tembo ana pua ndefu kuliko akili ya mtu. Akinusa hiyo, anageuka.

Sarah alifuata nyayo upande wa nje. Zilitoka kwenye migunga, zikafika karibu na uzio, zikageuka. Zikaenda sambamba na kamba hatua themanini nzima, kila mara zikisogea na kurudi. Halafu, upande wa magharibi nyuma ya jiko, ziliingia moja kwa moja. Kamba ilikuwa imekatika na kuburutwa chini pamoja na matambaa yake.

"Vedasto," alisema Shamsudin kwa ukali, "uliweka pilipili lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi, siku nne sasa. Kilo tatu. Muulize mwenyewe mama Frida, ndiye aliyesaga."

"Ukazunguka kote, au ulichoka ukaishia nusu?"

"Kijana wangu, nimelinda ng'ombe Gorong'a miaka thelathini kabla hujajua kunyoa ndevu. Mimi sichoki nusu."

"Sasa mbona wamepita?"

"Ningejua ningekuwa mganga!"

"Nyamazeni wote wawili," alisema Sarah. Aliinama akaokota tambaa kutoka kwenye kamba iliyokatika, akalifikicha, akalinusa. Oili. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, jasho likamteremka usoni, na bila kufikiri akajifuta kwa vidole vile vile. Alisimama palepale, akishtuka kwa alichokifanya. Akangoja.

Hakuna kilichotokea.

Alitembea mpaka upande wa mashariki ambako uzio ulikuwa mzima, akagusa tambaa jingine kwa ncha ya kidole cha mkono wa kushoto, na safari hii akagusa kidogo tu chini ya jicho. Ndani ya nusu dakika alikuwa amepiga magoti akimwita Frida alete maziwa, na huku akimtukana tembo, Shamsudin, kamati, na mtu yeyote aliyewahi kubuni likizo ya Juni.

Saa tatu na robo, jicho moja jekundu kama nyanya, alirudi kuhesabu. Upande uliovunjwa ulikuwa na matambaa kumi na manne yasiyo na pilipili. Yote yalikuwa ya kitambaa kimoja, cha bluu chenye mstari mweupe. Matambaa mengine ya uzio yalikuwa magunia na suruali kuukuu.

"Mzee Vedasto, haya ni yako?"

Vedasto aliyageuza. "Si yangu. Mimi sina kitu cha bluu. Na hilo fundo si langu, mimi nafunga mara mbili."

"Jana uliondoka hapa saa ngapi?"

"Sikuondoka. Labda kisimani tu, saa kumi na mbili kasoro jioni. Nusu saa haifiki."

"Basi mtu aliitumia hiyo nusu saa," alisema Sarah. "Alifungua yako, akafunga haya, akayapaka oili ili yafanane."

Frida akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Mogesi! Nilisema! Nilisema tangu alfajiri!"

Mogesi, alieleza kwa haraka, ni mfugaji jirani. Uzio wa pilipili ulikuwa ukiwakohoza ng'ombe wake, na wiki iliyopita alisimama pale pale akaapa kwamba siku moja watailamba hiyo kamba yao. Asubuhi hii, kabla kamati haijafika, Frida alikuwa amekwenda kulalamika, na ng'ombe sita wa Mogesi walikuwa wamefungiwa kwenye ofisi ya kijiji wakisubiri shauri.

Walimkuta huko saa nne na dakika ishirini, mzee wa kimo kirefu, amekalia jiwe, fimbo kati ya magoti, hasira imemjaa mpaka kofia.

"Shikamoo mzee," alisema Sarah, akampa mkono. Mogesi akaupokea kwa kiganja kizima na kuukamua.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mama wa watoto wanaotaka kulala kwa Frida."

"Basi uwapeleke kwingine, huyu mwanamke ana kichaa. Ng'ombe wangu hawajanyweshwa tangu asubuhi!"

"Ulisema watailamba kamba."

"Nilisema. Na nitasema tena." Alimwangalia jicho. "Umelia?"

"Pilipili. Mzee, mtu alibadilisha matambaa kumi na manne jana jioni."

Mogesi akacheka kwa dharau. "Mura!" alimwita Shamsudin, yaani kijana kwa Kikurya, kwa kuwa ndiye mwanamume pekee kati ya wageni wake. "Hebu mwambie mama huyu. Mimi nikikasirika na kamba ya mtu, nafanya nini? Nakata kamba! Panga moja, kwisha. Nani ana muda wa kukaa anafungafunga vitambaa kama anapamba mlango wa bibi harusi?"



Sarah alirudi kwenye Noah. Barabara ya kwa Zablon ilikuwa mbovu, na njia nzima alikuwa akilirudia lile jibu kichwani. Mwenye hasira anakata. Aliyebadilisha alitaka uzio uonekane mzima. Uonekane na nani? Frida hauangalii kila siku. Vedasto anaupita bila kuutazama. Waliokuwa wanakuja kuutazama ni wao, kamati.

Zablon, mwenye kambi, mtu mnene wa tabasamu la biashara, alikuwa amekwisha kuandaa soda.

"Nimesikia yaliyotokea kwa dada Frida. Inasikitisha. Kwangu tembo hawaji kabisa," alisema, na papo hapo akatambua kosa lake. "Yaani, wanakuja, ila kwa utaratibu."

"Uzio wako wa pilipili uko wapi?"

"Sina. Wa nini?"

Sarah alimwekea tambaa la bluu mezani. Kwenye kamba ya nguo nyuma ya Zablon yalikuwa yameanikwa mashuka kumi, ya bluu, yenye mstari mweupe.

Tabasamu likamtoka. "Ngoja kwanza. Ngoja, mama. Hilo shuka ni langu, sikatai. Lakini yaliyochakaa huwa nayagawa."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote anayeomba. Wiki hii nimempa mmoja tu, Filemoni. Alisema anataka kitambaa cha kufutia pikipiki."

"Unajiokoa kwa kumtaja ndugu wa mwenye kambi?" alidakia Shamsudin. "Aiharibie kambi ya dada yake ili iweje? Wewe ndiye unayepata watoto arobaini na wawili!"

"Mimi ningekuwa nataka kumharibia Frida, ningetumia shuka langu mwenyewe? Na mengine niyaanike mbele yenu?" Zablon alijifuta uso kwa viganja vyote viwili, macho na paji. Sarah alimtazama akifanya hivyo. Zablon hakupepesa hata kidogo.

"Panda gari," alimwambia. "Tunarudi wote."

Saa nane mchana walikula kwa Frida, ugali na mlenda, chini ya turubai lililobaki. Mogesi naye aliitwa, akaja akinung'unika. Mikono saba ilitakiwa kuingia kwenye sahani. Iliingia sita. Filemoni aliomba kijiko.

"Kijiko cha ugali?" Vedasto alimshangaa. "Umekuwa mgeni wa hoteli?"

"Mikono ina oili," alisema Filemoni.

"Si uoshe, mura. Maji ya kisima yapo kwenye ndoo."

"Nimeosha. Haitoki." Akaendelea kula haraka. "Mama mwenyekiti, mmeandika kwamba tembo wapo? Saba, kwa asubuhi moja! Kambi gani nyingine ina tembo saba?"

Sarah alimaliza tonge lake, akanawa, akajifuta kwa kanga. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

"Filemoni, nipe mkono."

Akanyoosha kifundo.

"Kiganja."

"Mama, kina oili, nitakuchafua."

"Mimi nina watoto wanne. Sijawahi kuchafuliwa na oili nikafa. Au kama ni oili ya mnyororo tu, jifute nayo macho."

Hakuna aliyetafuna.

"Jifute, Filemoni. Zablon alijifuta mbele yangu, hakikumpata kitu. Mzee Mogesi na mzee Vedasto walinipa viganja vizima asubuhi. Wewe peke yako leo umenipa kifundo mara mbili na umekula ugali kwa kijiko. Pilipili ikichanganywa na oili, sabuni haiitoi siku mbili. Ulijua ukinishika nitaungua. Una adabu, na hiyo adabu ndiyo imekukamata."

"Nilimsaidia mzee Vedasto kupaka..."

"Jumamosi nilipaka peke yangu," alisema Vedasto taratibu. "Wewe ulikuwa Mugumu na wageni."

"Shuka umepewa na Zablon wiki hii," Sarah aliendelea. "Jana jioni Vedasto akiwa kisimani, ulifungua matambaa kumi na manne yenye pilipili, ukafunga kumi na manne yenye oili tupu. Yale ya zamani yako wapi?"

Kijana alimwangalia dada yake, halafu chini. "Kwenye kichuguu, nyuma ya migunga. Nilitaka kuyarudisha leo mkishaondoka."

Frida alikuwa hajasogea. Sauti yake ilitoka ndogo. "Filemoni. Nimekulea mimi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea! Nilitaka uchaguliwe!" Alikuwa karibu kulia na hakuthubutu kugusa macho. "Si mliandika ninyi? Sharti la nne! 'Kambi iwe mahali ambapo tembo wanaonekana.' Mimi ndiye niliyekusomea ile barua, dada. Kila alfajiri wanafuata harufu ya maji yako, wakifika kwenye pilipili wanageukia mbali, hata kwa darubini huwaoni. Nikasema upande mmoja tu, siku moja tu. Wasogee, wasimame kwenye kamba, kamati ikifika iwakute."

"Wasimame kwenye kamba?" Mogesi aliuliza.

"Ndiyo."

"Kamba ya katani?"

"Nilidhani kamba itawazuia, pilipili ndiyo inawafukuza."

Mzee alimgeukia Shamsudin, amekata tamaa kabisa. "Na huyu ndiye anayeongoza wageni."

Shamsudin hakucheka. Sharti la nne alilidai yeye kikaoni, kwa kupiga meza, kwa sababu binti yake Yasmini alilia wiki nzima kuhusu punda. Na Sarah ndiye aliyeliandika, ili kikao kiishe akapike.

"Sharti lile ni langu," alisema Sarah. "Niliandika upuuzi kwa sababu nilichoka. Hilo nalibeba. Lakini wewe, Filemoni, mahema mawili uliyoyaacha yakanyagwe yalikuwa ya kulala watoto sita kila moja. Tungekuwa tumefika jana jioni badala ya leo, je? Ungewaambia nini mama zao, kwamba ulidhani kamba itazuia?"

Filemoni aliweka kijiko chini.

Frida alisimama. Alifunga kanga yake upya, akakaza, kama mtu anayetaka kubeba mzigo. "Inuka. Tunakwenda ofisi ya kijiji, utasema kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu utawanywesha ng'ombe wa mzee Mogesi, wote sita, mmoja mmoja. Halafu utapanda gari urudi kwa mama. Kambini kwangu hutaongoza mgeni tena."

"Dada..."

"Nimesema inuka." Akamgeukia Mogesi. "Mzee, nilikusingizia mbele ya watu. Nitakuomba radhi mbele ya hao hao."

"Utaniomba," alikubali Mogesi. "Na kipande kile karibu na njia ya ng'ombe, uzio uusogeze hatua ishirini."

"Kumi na tano."

"Ishirini, na nakuletea nguzo mpya."

"Ishirini."

Kisha Frida akamtazama Sarah, kwa mara ya kwanza tangu ukweli utoke. "Na ninyi nendeni kwa Zablon. Sitawalaumu. Ndugu yangu mwenyewe ndiye aliyefungua mlango."

Zablon alikohoa, akajinyoosha kola.

Sarah alisimama akaenda nyuma ya jiko, kwenye lile pengo. Alizitazama tena zile nyayo za nje, hatua themanini zilizokwenda sambamba na kamba. Tembo saba wenye kiu, wenye uwezo wa kupasua simtank, walikuwa wamepita mbele ya magunia na suruali kuukuu za mzee Vedasto, wakijaribu kila mahali, na hawakuthubutu. Waliingia pale tu palipokuwa na mashuka. Alikuwa amezunguka wilaya mbili akiuliza kila mwenye kambi kama uzio wake unafanya kazi, na kila mmoja aliapa. Ardhi hii haikuapa. Ilionyesha. Na Zablon hakuwa na uzio wowote.

Aliporudi ilikuwa saa tisa na nusu. Alimkuta Frida na mdogo wake wameshafika barabarani, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Frida!" aliita. "Simtank jipya, jiko lenye nguzo nne, na matambaa yote yapakwe upya na mzee Vedasto peke yake. Nitakuja kuyagusa mwenyewe, wiki moja kabla. Utaweza?"

Frida aligeuka. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

"Nitaweza," alisema.

Sarah alitoa simu, akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mwalimu mkuu.

"Ni kwa Frida, Nyambureti. Ndiyo. Hapana, hakuna kikao kingine, nikiitwa kwenye kikao kingine nitakuja na pilipili." Alisikiliza, akafumba lile jicho bovu. "Tembo?" alisema. "Wapo, mwalimu mkuu. Nje."